Ruhusa ya Kuvuka

Jumatano asubuhi Rayhana alifunga kibanda chake cha ushonaji pale Mbugangari, mjini Gisenyi, akamwachia jirani ufunguo, akapanda pikipiki kwenda Nyundo. Maneno aliyokuwa nayo alikwisha kuyapanga tangu juzi: wewe Habib ni mwongo, wewe Habib umeniaibisha, wewe Habib usinipigie simu tena mpaka kiama.

Na alikuwa na haki ya kukasirika. Wiki tatu nyuma, siku ya Jumapili, wazee wa ukoo wake walikaa Goma, upande wa Kongo, nyumbani kwa Koko Kankindi, wakimngoja Habib aje kujitambulisha. Koko ni bibi yake mzaa mama, ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki. Baba yake, Mzee Sulaiman, alikwisha kusema tangu mwanzo: "Mi nitaitika kama Koko ameitika. Ule njo mama yake." Naye Koko alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kuinuliwa kitandani aletwe Gisenyi. Ilikuwa lazima mchumba avuke mpaka yeye.

Pilau likapikwa, kofia zikavaliwa, wazee wakakaa. Saa nane simu ikalia. Habib akasema amepata dharura ya kazi. Dharura ya kazi, Jumapili! Tena kwa sauti ya mtu aliyejificha uvunguni. Rayhana alibaki na simu mkononi, na kila jicho mle ndani likamtazama kisha likaangalia pembeni, kwa huruma iliyomuuma kuliko matusi.

Shangazi Nyiraneza, dada wa baba yake, ndiye peke yake aliyesema. "Mwanaume mwenye anaogopa kutembea dakika kumi juu yako, ule ni bwana gani?"

Tangu siku hiyo simu za Habib zilikuwa fupi, na majibu yake ya kuzungukazunguka. Na sasa muda ulikuwa umekwisha. Jumatatu inayokuja mjomba alikuwa anampeleka Koko Bukavu kwa boti, amelazwa kwenye machela, kwa daktari wa mifupa, na Rayhana ndiye wa kwenda kumuuguza. Miezi mingapi, hakuna aliyejua. Mzee Sulaiman hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kama boti litaondoka kabla huyo kijana hajafika mbele ya Koko, basi mambo yake na Rayhana yamekwisha.

Pikipiki ilimshusha kwenye kona ya kanisa kuu. Akateremka na njia ya miguu mpaka nyumbani kwa mama yake Habib, na yale maneno yote aliyoyapanga yakamwishia pale pale mlangoni. Habib alikuwa uani, amevaa mabuti ya mpira, anamkatia nyasi ng'ombe wa mama yake. Amekonda. Ndevu hazijanyolewa. Alipomwona Rayhana, panga lilisimama hewani.

"Rayhana."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na saa hii, daktari wa ng'ombe wa serikali anapashwa kuwa wapi?"

Mama Xavérine, mama wa Habib, alitokeza kichwa dirishani, akamtazama mwanawe, akamtazama Rayhana. "Mwambie, mwanangu," alisema. "Mimi nimechoka kuificha." Kisha akarudi ndani na kufunga dirisha.

Habib akaweka panga chini na kujifuta mikono kwenye suruali, mara moja, mara mbili, kama vile haitasafika. Kisha akaingia ndani, akatoka na barua iliyokunjwa mpaka mikunjo ikaanza kuchanika.

"Nimesimamishwa kazi," alisema. "Mwezi sasa."

Akamweleza akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye mabuti yake. Kulikuwa na ugonjwa wa mifugo sehemu fulani, na ng'ombe hawakutakiwa kuhamishwa bila daktari kuwaona na kuwaandikia hati. Habib alikuwa peke yake, vijiji vingi, asubuhi yuko huku na jioni yuko kule. Kwa hiyo akafanya jambo la kijinga. Akasaini hati tupu, bunda zima, akaziacha kwenye droo ili mwenzake wa ofisini, Jack, azijaze siku ambazo yeye hayupo. Ng'ombe kumi na mmoja wakapita kwa saini yake bila mtu yeyote kuwagusa.

"Ugonjwa haukuenea, namshukuru Mungu. Lakini mimi sikuwaona wale ng'ombe, Rayhana. Jina langu ndilo lililowaona."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Baba yako aliuliza mara moja tu, 'Kijana anafanya kazi gani?' Ulipomjibu, uso wake uliwaka kwa furaha. Mimi niliuona."

"Baba njo aliuliza kazi! Mi nilikuuliza kazi?" Sauti yake ilipanda mpaka ng'ombe akageuka. "Siku ulikuja kupunguzisha mikono ya koti, ukasema, 'Samahani dada, naomba uniangalizie.' Na Kiswahili yako ile ya Kigoma, kwenye ulikulia. Nikajiuliza, huyu ni mutu ama ni radio? Nilirudia kukupima mikono mara tatu, na kipimo nilikuwa nimeipata mara ya kwanza. Ulifikiri ni juu ya mushahara?"

Habib aliinua macho. Yalikuwa mekundu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu ambacho Rayhana hakuwa amekiona kwa wiki tatu, na moyo wake ukamsaliti, ukaruka kama wa msichana wa shule. Akajikaza. Hakuwa amemaliza kukasirika.

"Bon. Umesimamishwa. Hiyo ni ya ofisi. Goma ulikataa juu ya nini?"

"Sikukataa. Sikuweza. Jack aliniambia mtu aliye chini ya kamati ya nidhamu haruhusiwi kutoka nje ya nchi. Akivuka tu, wanahesabu ametoroka, na kesi imekwisha hapo hapo."

"Goma njo nje ya nchi?"

"Ni nje ya nchi, Rayhana. Hata kama ukipika huku harufu inafika kule."

Rayhana alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka. "Sikiliza. Kila asubuhi wamama elfu wanapita pale na vitunguu ku kichwa. Jumapili uvae kofia, ushike kitambulisho chako, upite katikati yao. Nani atakujua? Jioni umerudi."

"Hapana."

"Habib, boti ni Jumatatu! Baba amesema ikiondoka mbele hujafika, imekwisha. Unasikia? Imekwisha!"

Habib alikaa kwenye ukingo wa hori la ng'ombe. Aliposema, alisema polepole.

"Kosa langu la kwanza lilikuwa kupitisha kitu bila kukionyesha kwa anayestahili kukiona. Sasa nijipitishe mwenyewe vivyo hivyo? Nikavuke kwa kujificha, niende kumwomba bibi yako mtoto wake? Siwezi. Hata kama nitakukosa."

"Donc, barua ni ya maana kuliko mi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema!" Akageuka kuondoka. Alifika kwenye mihogo, hatua kumi hivi, machozi yakimtoka, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Alikuwa fundi. Mteja akija na maneno ya mtu mwingine, 'fulani amesema kitambaa hakitoshi,' yeye humwambia kilete nikipime mwenyewe. Akarudi.

"Leta hiyo barua."

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena, kidole kikifuata mstari. Barua ilimtaka Habib ajieleze kwa maandishi. Ilisema amesimamishwa kazi kwa muda. Ilitaja siku ya kusikilizwa mbele ya kamati, Alhamisi ya wiki inayofuata, saa tatu asubuhi.

"Wapi imesema usivuke?"

Habib aliichukua, akaitazama kama mara ya kwanza. "Haijasema."

"Uliuliza mutu wa ofisi?"

"Nilimuuliza Jack."

"Jack mwenye alijaza zile karatasi? Yooo, Habib! Njo huyo ulimuendea?" Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Vaa viatu. Tunaenda kuuliza mwenye anajua."

Afisa wa rasilimali watu aliitwa Donatille, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Njiani Habib alikuwa amesimama mara mbili akisema labda kesho, na mara mbili Rayhana alikuwa amemvuta mkono. Donatille aliwakaribisha kwa Kinyarwanda, akamsikiliza Habib mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Nani alikuambia huwezi kusafiri?"

Habib alikohoa. "Mtu tu."

"Huyo mtu tu si mimi, na barua niliiandika mimi." Aliigonga barua kwa kidole. "Wewe umetuhumiwa, hujahukumiwa. Barua hii imekusimamisha kazi, haikukufunga miguu. Lakini bado ni mtumishi wa serikali, huwezi kuondoka kimya kimya. Andika unakwenda wapi, kwa sababu gani, na unarudi lini. Nitapeleka kwa mkubwa. Akikubali, anasaini. Na siku ya kamati nikute kiti chako kina mtu."

"Akikataa?" Rayhana aliuliza.

"Akikataa ataandika kwa nini, naye Habib atakuwa na haki ya kujibu. Lakini asipoomba, hakuna wa kumkatalia wala wa kumkubalia." Akamgeukia Habib, na sauti ikalainika. "Ungekuja wiki tatu zilizopita, mwanangu, ungejibiwa wiki tatu zilizopita."

Habib aliinamisha kichwa. Akapewa karatasi, akaandika pale pale. Alipofika kwenye sababu, kalamu ilisita, kisha ikaandika: kwenda kujitambulisha kwa bibi wa mchumba wangu, ambaye ni mgonjwa na anasafiri Jumatatu. Donatille alisoma, akatabasamu. "Kwa kawaida watu huandika 'sababu za kifamilia.'"

"Nimekwisha kusaini vitu visivyosema ukweli wote," Habib alisema. "Hiki kibaki kilivyo."

Rayhana aligeuka kuangalia ukutani. Hakutaka mama yule auone uso wake.

Jioni aliwaambia nyumbani kila kitu, asifiche hata ng'ombe mmoja. Shangazi Nyiraneza alipiga makofi ya mshangao. "Mutu wa kesi! Na we unatafutia mutu wa kesi ruhusa ya kuvuka! Akiisha kufika kule, Goma ni kubwa, Kongo ni kubwa. Utamuona wapi tena?"

"Atarudi, shangazi."

"Unajua aje?"

"Juu angetaka kukimbia, hangeomba."

Mzee Sulaiman alikuwa anakunywa chai. Alikunywa mpaka ikaisha, akaweka kikombe. "Aipate kwanza hiyo karatasi," alisema. "Akiipata, nitamupeleka mi mwenyewe. Na nitarudi naye mi mwenyewe."

Alhamisi hakukuwa na jibu. Ijumaa, baada ya swala, Habib alipiga simu kusema mkubwa ameitwa mkutanoni Kigali na barua iko mezani kwake. Rayhana alijaribu kushona, akashona mkono wa kushoto kwenye upande wa kulia, akaufumua, akaushona tena vile vile. Nguo zake za Bukavu zilikuwa tayari zimekunjwa kitandani. Kila alipozitazama alihisi kama za mtu aliyekufa.

Jumamosi saa nne simu ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Wewe ndiye mchumba?" Ilikuwa sauti ya Donatille. "Simu ya Habib haipatikani, na namba yako aliiandika kwenye ombi. Mwambie aje aichukue. Imesainiwa. Kesho kwenda, kesho kurudi."

Rayhana hakukumbuka kama alisema asante. Alikumbuka tu kwamba alikaa sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Jumapili asubuhi walitembea watatu kwenda Grande Barrière, kituo kikubwa cha mpakani: Mzee Sulaiman mbele katika kanzu yake nyeupe, Rayhana na Habib nyuma yake, wakiachana hatua moja ya heshima. Habib alikuwa amenyoa. Ile barua ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na kila baada ya muda mkono wake ulikwenda kifuani kuhakikisha ipo.

Kwenye dirisha askari wa uhamiaji alichukua kitambulisho chake, akakitazama, akaangalia mashine. Habib akaingiza mkono mfukoni, akaanza kuitoa barua.

"Unarudi lini?" askari aliuliza.

"Leo jioni."

"Sawa. Anayefuata!"

Wakavuka. Walipofika upande wa pili, penye wabadilisha fedha na wauza mikate, ndipo Habib alipopumua pumzi ndefu kama mtu aliyetoka chini ya maji. "Hata hakuiuliza," alisema. "Wiki tatu sikulala kwa ajili ya dirisha lile, na hata hakuiuliza." Akaanza kucheka. Rayhana naye akacheka, akishika ubavu, na Mzee Sulaiman aligeuka kuwatazama, akataka kukunja uso, akashindwa.

Koko Kankindi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo kama mtoto ndani ya shuka kubwa, rozari mkononi. Aliolewa na Mwislamu, akazaa Waislamu, na hakuna aliyewahi kumtoa kanisani kwake.

"Njo huyu?" aliuliza. "Sogea. Macho yangu haiko tena ya kuangalia mbali."

Habib hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, Koko. Kabla hujaniuliza lolote, naomba niseme. Siku ile wazee waliningoja hapa, sikuja. Nilisema ni kazi. Haikuwa kazi. Nimesimamishwa kazi." Akasimulia hati, saini na ng'ombe kumi na mmoja. Hakumtaja Jack. "Alhamisi ninasikilizwa. Wanaweza kunifukuza. Nimekuja kukuomba Rayhana nikiwa hivi, sijui kama nitakuwa na kazi. Ukikataa, nitaelewa."

Rayhana alikuwa amesimama mlangoni.

"Ngombe zilikufa?" Koko aliuliza.

"Hapana, Koko."

"Batu walikufa?"

"Hapana."

"Ulisaini bila kuangalia."

"Ndiyo. Ni mimi."

Kikongwe alifumba macho mpaka Mzee Sulaiman akadhani amelala. Kisha akasema, bila kufumbua. "Mi niliolewa na mutu mwenye hakukosa hata siku moja. Sulaiman, ulimujua. Sahani ikivunjika, ni mi. Mvua ikinyesha ku nguo, ni mi. Miaka makumi tatu na ine, yeye hakukosa. Nilichoka, mwanangu! Mungu amurehemu, lakini nilichoka!" Akafumbua macho, yakamtua Habib usoni. "We, umekosa na umesema 'ni mimi,' na mutu hajakuuliza. Kama ungekuwa umevuka kwa kujificha, ningekufukuza na hii fimbo. Lete mukono."

Habib akampa mkono. Ukamezwa na viganja vile vikavu.

"Lakini usisaini tena kitu mbele hujaiangalia muzuri."

"Sitasaini, Koko."

"Na huyu mutoto wangu? Umemuangalia muzuri?"

Habib aligeuza kichwa mlangoni. Alimtazama Rayhana kwa utulivu, bila haraka, mbele ya baba yake na mbele ya wote, na Rayhana, aliyekuwa amezoea kuwapima watu kwa futi, akahisi sasa yeye ndiye anayepimwa, wala hakutaka kujificha.

"Nimemwangalia, Koko."

"Basi saini."

Mzee Sulaiman alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha akatoa leso, akasema vumbi la Goma ni kali.

Jioni wanaume wawili walirudi Gisenyi kabla mpaka haujafungwa, na Shangazi Nyiraneza, aliyekuwa amesimama karibu na kizuizi kwa kisingizio cha kununua samaki wa sambaza, aliwaona wote wawili kwa macho yake. Alimpa Habib fungu la samaki apeleke kwa mama yake. Rayhana alilala kwa Koko, na asubuhi boti likawachukua.

Alhamisi ile Bukavu, Rayhana alikuwa barazani nyumbani kwa mjomba tangu saa tatu, simu mkononi. Saa nne. Saa tano. Ndani, Koko aliletewa chai akasema ni ya moto. Baadaye akasema imepoa. Saa sita na robo simu ikatetemeka.

"Onyo la maandishi," Habib alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya siku ya koti. "Wameona kosa ni langu, nami nilikubali. Jack ameitwa kwa upande wake. Mimi Jumatatu narudi kazini. Rayhana? Upo?"

"Niko." Alikuwa ameegemea nguzo, na ziwa lote mbele yake limejaa jua. "Niko, Habib. Rudia. Sema tena yote."

Akarudia yote. Alipokata simu aliingia ndani akijifuta macho. Koko alikuwa amejiinua juu ya mito, shingo imenyooka.

"Balimufukuza?"

"Hapana, Koko. Balimupa onyo. Jumatatu anarudi ku kazi."

Koko alijiachia nyuma taratibu, mito ikampokea. "Bon," alisema. "Sasa nipashie ile chai. Tangu asubuhi ilikuwa inakataa kushuka."